Wakulima Gani?

Nyumba ya bibi mzaa mama, nje kidogo ya Kilwa Kivinje, mbele imeezekwa bati na nyuma makuti. Mvua ikinyesha, chumba cha mbele hamsikilizani. Nilipokuwa mdogo nilidhani fundi aliishiwa misumari. Kumbe juu ya lile paa kuna historia nzima, na historia yenyewe, ndugu msomaji, mimi sikuisoma darasani.

Darasani tulisoma Kilwa ya mawe. Tulikariri Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu, masultani na dhahabu ya Sofala, tukafaulu mtihani, basi. Hatukuambiwa kwamba Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliandika habari za mji uliojengwa kwa miti. Jumba la mawe lilikuwa la mwenye nacho tokea siku hizo. Waliobaki walikaa kama anavyokaa bibi: nguzo, fito, udongo, makuti.

Sasa turukie mwaka 1973. Novemba ile Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuhamia vijijini ni amri, na kazi iwe imekwisha kufikia 1976. Huku kusini wengi walikuwa wameshahamishwa. Mkoa wa Mtwara, ambao hadi 1971 Lindi ilikuwa ndani yake, ulitangulia, maana vita vya ukombozi vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo tu ya Ruvuma. Zamu ya bibi ilifika akiwa na mtoto mgongoni.

"Walikuja na lori, mjukuu wangu. Wakatuonyesha kiwanja, vigingi viwili huku, viwili kule. Jengeni kwa mstari, wakasema."

"Na nyumba je, bibi?"

"Nyumba tulijenga wenyewe. Serikali ilileta mstari."

Lakini tusiionee serikali. Fedha za nyumba zilikuwepo. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi Januari 1973, na mwaka uliofuata ukaundwa mfuko wenye jina tamu: Mfuko wa Maendeleo ya Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima. Waajiri walikatwa asilimia 2 ya jumla ya mishahara wanayolipa ili mlalahoi naye akope kwa riba nafuu. Mkulima akikopeshwa saruji na bati, ataachana na makuti yanayooza kila baada ya miaka michache. Ndivyo ilivyofikiriwa, na mimi nasema ilifikiriwa vizuri.

Tatizo, mkopo si sadaka, hudai dhamana. Karani wa mjini alikuwa na mshahara wa kukatwa na kiwanja chenye hati. Mkulima wa Kilwa alikuwa na nini? Ardhi ya kijiji haikuwa na karatasi yenye jina lake. Mali yake ilikuwa mikorosho, nayo ndiyo hiyo aliyoiacha alipopandishwa lori. Bibi aliiacha mwendo wa nusu siku kwa miguu. Utapalilia saa ngapi, utaokota saa ngapi, na nguruwe nao wanakusubiri? Nchi nzima ilivuna korosho tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Bei mbaya na magonjwa ya miti vilichangia, lakini kuhamishwa nako kulichangia sana. Yaani mkono mmoja unamwambia mtu jenga nyumba bora, mkono wa pili unamtenga na mti ambao ungemlipia bati. Sehemu kubwa ya mikopo ikaishia mijini.

Nimesoma kuwa huko Ireland, mwaka 1929, serikali ilitunga sheria ya kuwapa nyumba maskini wa pwani ya magharibi waliokuwa bado wanasema Kiayalandi. Lugha ile ilikuwa inakufa, basi mwenye kuisema nyumbani kwake akapewa ruzuku na mkopo wa kujenga au kukarabati. Nilicheka kidogo. Kimatumbi kingekuwa na bei hiyo, bibi angelala ghorofani! Lakini nilipotulia niliona jambo. Kule mtu aliulizwa unasema lugha gani, akajengewa pale pale alipo. Huku masharti yalikuwa hama kwanza. Watu wakahama kweli: kufikia 1977 Mwalimu mwenyewe alihesabu zaidi ya watu milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,600. Sharti walitimiza.

Benki ya Nyumba ilikufa mwaka 1995, imelemewa na madeni yasiyolipika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inayompa mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila, ikaja 1999. Hati imefika, benki iko kaburini miaka minne.

Bati la bibi alilinunua mjomba, kwa msimu mmoja korosho zilipopata bei. Zilitosha chumba cha mbele tu. Juzi nilimsomea bibi jina la ule mfuko, polepole, neno kwa neno. Alikuwa anasuka ukili, hakuinua kichwa.

"Wafanyakazi nawajua," akasema. "Wakulima gani?"

Nikamwambia ndio nyie, bibi. Akaniomba nimsogezee kikapu cha miyaa.