Granada ya Tooting

Uso wa barabarani wa sinema hii ya London haukuambii kitu. Ingia ndani: matao yaliyochongoka kama ya kanisa kuu la kale, kazi ya Theodore Komisarjevsky, mwongozaji wa tamthilia kutoka Urusi. Simama kwenye ushoroba wa vioo ujione ukijirudia kushoto na kulia. Sinema hii ilifunguliwa 7 Septemba 1931, ikiwa na viti zaidi ya 3,000, na mfanyakazi wa kawaida aliketi humu kama mgeni wa mfalme.

Kisha televisheni ikawafanya watu wabaki majumbani. Filamu zilikoma 1973. Mchezo wa kubahatisha wa bingo ukaingia 1976, na kwa kweli ndio ulioliokoa jengo. Mwaka 2000 likawa sinema ya kwanza Uingereza kuhifadhiwa kisheria kwa Daraja la Kwanza, la juu kabisa.