Paka kwenye nusu kaputi: Pumzi yake ilindwe mpaka aamke kabisa

Paka anapopelekwa kufungwa kizazi au kushonwa jeraha, wenye paka wengi huogopa kisu. Kitu cha kuangalia zaidi ni pumzi. Kwa mkazi wa Kilwa Masoko, Kivinje au Lindi mjini, ambaye pengine amesafiri mbali kumfuata daktari wa mifugo, hatari haiishi pale uzi wa mwisho unapokatwa. Inamfuata paka hadi njiani.

Kwa nini paka ni mgumu

Njia yake ya hewa ni ndogo. Mpira anaopitishiwa hewa paka mzima huwa na upana wa ndani wa milimita 3 hadi 4.5, mwembamba kuliko mrija wa soda. Mate kidogo au tapishi dogo tu linatosha kuuziba.

Halafu kuna zoloto, ule mlango wa njia ya hewa wenye nyuzi za sauti. Kwa paka, zoloto likiguswa hujifunga ghafla. Ndiyo maana daktari hupulizia kwanza dawa ya ganzi, lidokeini, akasubiri ifanye kazi, kisha akapitisha mpira taratibu mlango unapofunguka paka akivuta pumzi. Kulazimisha kunaleta uvimbe na damu.

Mipira mingi ina kaputo kadogo kanakojazwa hewa ili mpira ukae vizuri. Kakijazwa kupita kiasi, au paka akigeuzwa upande wa pili huku mpira bado umeungwa na mashine, koo la hewa linaweza kuchanika.

Takwimu zinasemaje

Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza kati ya 2002 na 2004 ulifuatilia paka 79,178 waliopewa dawa za usingizi. Alikufa takriban paka 1 katika kila 400 na ushee. Kwa mbwa ilikuwa takriban 1 katika kila 600.

Zaidi ya nusu ya vifo vya paka vilitokea upasuaji ukiwa umekwisha, vingi vikiwa ndani ya saa 3 za mwanzo. Pia paka waliowekewa mpira walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi kuliko wasiowekewa. Hiyo haina maana kwamba mpira ni mbaya. Inaonyesha kwamba koo la paka linataka mkono mwepesi, na kwamba akishatolewa mpira bado anahitaji mtu wa kumwangalia.

Sindano bila mpira

Kwa kazi fupi, kama kumhasi dume, paka wengi huchomwa sindano tu, mara nyingi ketamini ikichanganywa na zailazini. Hapo pia pumzi si ya kuachia. Ketamini huongeza mate, na zailazini huwatapisha paka. Daktari makini huwa na mpira, taa na oksijeni karibu hata kama hatavitumia, na huweka msaidizi wa kuhesabu pumzi na kutazama rangi ya fizi.

Paka aliyechomwa ketamini macho hubaki wazi. Usidhani ameshaamka.

Kabla ya kumpeleka

• Muulize daktari paka afunge kula kwa saa ngapi. Kwa paka mzima mwenye afya, mara nyingi ni saa chache, si siku nzima. Watoto wa paka hufunga muda mfupi zaidi. Maji kwa kawaida hayazuiwi.
• Paka wa pwani hujitafutia. Mfungie ndani usiku ule, asije akapita sokoni akajaza tumbo vichwa vya samaki bila wewe kujua.
• Sema ukweli kama anakohoa, anapiga chafya au anahema kwa shida.
• Hakikisha anayempasua amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania.
• Uliza: nani atamwangalia mpaka aamke?

Baada ya upasuaji

Usiharakishe kuondoka. Kama unavuka kwa boti kurudi Kilwa Kisiwani, au unapanda basi la Lindi, omba paka abaki hapo hapo angalau saa 3, mpaka ainue kichwa mwenyewe na kukaa bila kuanguka.

Njiani mlaze kwa ubavu kwenye kikapu au boksi lenye matundu, shingo ikiwa imenyooka. Kiroba hakifai, wala ndoo yenye kifuniko. Mfunike kitambaa mwili, uso uwe wazi, kwa sababu paka aliyepoa huchelewa kuamka. Usimnyweshe maji wala maziwa kwa nguvu. Yanaweza kuingia mapafuni. Chakula kingoje mpaka atembee vizuri.

Mrudishe kwa daktari haraka ukiona:

• Fizi au ulimi umekuwa wa bluu, kijivu au mweupe
• Anahema mdomo wazi au kwa kukoroma
• Tumbo linavutwa ndani kwa nguvu kila anapovuta pumzi
• Ngozi ya shingo au kifua imevimba na inapobonyezwa inatoa sauti ya kuchakacha, dalili kwamba hewa inavuja chini ya ngozi

Dalili hiyo ya mwisho inaweza kuchelewa kujitokeza kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mwangalie paka wiki nzima, na weka namba ya daktari kwenye simu kabla hujaondoka kliniki.