Siti binti Saad na Asili ya Nyimbo Zake

Watoto wetu waliozaliwa huku ugenini wanalijua jina la Siti binti Saad, maana hutajwa arusini taarabu inapopigwa. Asili yake husemwa kwa nadra, na baadhi ya wakubwa huona haya kuisema. Sisi tunaona ndiyo iliyomfunza kutunga.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Baba alikuwa Mnyamwezi na mama Mzigua, wote wawili watu wa asili ya utumwa, naye utotoni akaitwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akinadi, na husimuliwa kuwa sauti ile watu waliitambua kabla hajafika mlangoni. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin akamfundisha uimbaji.

Taarabu ya siku hizo iliimbwa kwa Kiarabu. Ilitoka Misri zama za Sayyid Barghash (1870–1888), na wakubwa ndio walioisikiliza. Siti aliimudu hiyo ya Kiarabu hata akaitwa jumba la Sultani. Lakini usiku, huko Ng'ambo, yeye na wenziwe, akina Subeti, Buda, Maalim Shaaban, na Mbaruk wa Mombasa aliyekuwa kipofu, walitunga kwa Kiswahili. Walishauriana maneno, na khabari walizichukua mitaani: ndoa, dhulma, kesi za mahakamani.

Chukua "Kijiti". Jamaa wengi huicheza wakafurahia mahadhi yake tu. Kisa chenyewe ni cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mja mzito, aliyechukuliwa ngomani akauawa. Muuaji akakimbilia Bara. Waliofungwa ni wanawake wawili waliofuatana na marehemu. Wakati ule mnyonge hakuwa na gazeti la kumsemea (wala hakimu hakuulizwa na mtu), basi wimbo ndio uliouliza. Wanaopiga santuri hii arusini wangewaeleza vijana inachosema.

Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurikodi santuri za His Master's Voice, na kwa santuri hizo Kiswahili cha Ng'ambo kikasikika pwani nzima, hata katika nyumba ambazo binti wa mfinyanzi asingekaribishwa kuketi.

Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuonana naye, akamwandikia wasifu, na hakuificha asili yake. Nyimbo zenyewe Bi Kidude aliendelea kuziimba Unguja na Ulaya, karibu mpaka alipofariki mwaka 2013.