Nunavut: Koti la ngozi ya sili lisiloweza kuingia Marekani

Nunavut, eneo la Wainuit lililoundwa kaskazini mwa Kanada mwaka 1999, halina barabara hata moja inayoliunganisha na maeneo mengine ya nchi. Vitambaa, zipu na uzi hufika Iqaluit, mji mkuu wenye wakazi wapatao 7,400, kwa ndege, au kwa meli wakati wa kiangazi barafu inapoyeyuka. Mwanamke anayeshona makoti ya baridi nyumbani kwake hulazimika kuagiza mali yake mapema, na gharama ya usafirishaji huonekana katika bei ya kila koti.

Ushonaji huo ni elimu ya vizazi vingi. Zamani vazi la majira ya baridi lilikuwa la ngozi ya karibu, paa mkubwa wa kaskazini, tena la tabaka mbili: manyoya ya ndani yakielekea mwilini, ya nje yakielekea upepo. Siku hizi wengi hutumia sufu nzito kwa ndani na kitambaa kisichopitisha upepo kwa nje. Ukingo wa kofia huzungushiwa manyoya ya mbweha au mbwa mwitu, kwa kuwa pumzi ikiganda juu yake hupanguswa kwa mkono. Koti la mama, liitwalo amauti, lina mfuko mgongoni wa kumbeba mtoto. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ni mbeleko iliyoshonwa pamoja na vazi.

Ngozi ya sili ndiyo yenye mkasa. Wainuit humwinda sili kwanza kwa ajili ya nyama, na ngozi yake huzuia upepo na maji. Hata hivyo, sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ya kulinda mamalia wa baharini imefunga soko la jirani huyo mkubwa. Msamaha wake kwa kazi za mikono unawahusu wenyeji wa Alaska, si mafundi wa Nunavut wanaotaka kuuza huko.

Ulaya ilizuia ngozi za watoto wa sili mwaka 1983, kisha ikapiga marufuku bidhaa za sili kwa jumla mwaka 2009. Wainuit waliachiwa mlango, lakini msamaha wa karatasini hauwarudishi wanunuzi waliokwisha kuondoka. Bei ya ngozi ilikuwa imeporomoka tangu miaka ya 1980, hata kwa wawindaji ambao hawakuwahi kuwagusa watoto wa sili.

Mtalii wa Kimarekani akilipenda koti la sili Iqaluit, muuzaji mwaminifu humwonya kabla hajalipa, maana linaweza kutaifishwa forodhani. Kwake yeye linabaki koti la kitambaa, lenye manyoya ya mbweha kofiani, ambalo sheria hiyo ya wanyama wa baharini hailigusi.