Pesa Isiyo na Barua

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Zuhura, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, anafanya usafi wa maofisi jijini Leicester, Uingereza, na anamlea peke yake mwanawe Salim. Alfajiri ya Jumatatu, Julai 18, 2022, akitoka kazini, alisimama kwenye mashine ya pesa kuangalia salio kabla ya kununua umeme. Alijua fika kwamba ana pauni 4 na peni 10. Mashine ikamwonyesha pauni 330 na peni 10.

SASA ENDELEA...

Alichomoa kadi, akaichomeka tena, akabonyeza upya. 330.10. Nyuma yake mzee mmoja alikohoa kumhimiza. Zuhura akaomba taarifa fupi ya akaunti na mashine ikatema kikaratasi. Pauni 326 ziliingia usiku. Mbele ya kiasi hicho palikuwa na namba yake ya bima ya taifa, kisha herufi: DWP COL.

DWP aliijua: Idara ya Kazi na Pensheni. Hakuna mpokea posho wa Uingereza asiyeijua idara hiyo. Hizo COL ndizo zilizomtia baridi asubuhi ya joto.

Miaka miwili nyuma aliwahi kulipwa posho iliyozidi. Kosa la hesabu halikuwa lake, lakini alizitumia. Barua ikaja baadaye, na baada ya barua makato: kidogo mwezi huu, kidogo mwezi ujao, mpaka akasahau posho kamili inafananaje. Tangu hapo Zuhura aliogopa pesa asiyoiomba kuliko deni analolijua.

Hakuzigusa. Aliingia dukani, akalipa kwa kadi pauni 4 zake mwenyewe, akampa muuzaji ufunguo wa mita autie umeme. Alipofika nyumbani Highfields na kuuchomeka, mita ikameza karibu zote kulipa mkopo wa dharura wa wiki iliyopita. Yeye na Salim waliiita LUKU, ingawa LUKU ya kwao Tanga haikuwahi kuwala namna hii. Tangu Aprili ukomo wa bei ya nishati ulikuwa umepanda kwa asilimia 54. Mafuta ya kupikia nayo, vita vya Ukraine vilipoanza, maduka makubwa yaliyapimia watu: chupa mbili au tatu kwa mnunuzi, hakuna zaidi.

Siku tisa zilizopita ilikuwa sikukuu ya kuchinja. Zuhura alipika pilau ya dengu, akamwambia mwanawe kwamba nyama imemkinaisha. Salim alikula kimya. Ana miaka 15. Anajua uongo wa mama yake ulivyo.

Akaitazama simu. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza.

*

Kaka Bakari wa Mombasa ndiye aliyekuwa wakili asiye na ofisi wa Waswahili wa mtaa ule. Fomu zako zikikwama, unampelekea. Mchana ule alikuja mwenyewe, shati limelowa jasho. Mamlaka ya hali ya hewa ilikuwa imetoa tahadhari nyekundu ya joto, ya kwanza kutolewa nchini humo, na gari lake la kusambazia vifurushi halikuwa na kipoza hewa. Akajitupa kwenye kochi.

"Kaka Bakari," Zuhura akaanza huku akimpa maji, "serikali ikikosea ikakutumia hela, mtu anafungwa?"

Bakari akacheka. "Kiasi gani hicho cha kufungia mtu?"

Zuhura akasita. "Mia tatu ishirini na sita."

Kicheko kikaisha.

"Hilo si kosa, Mama Salim. Hiyo ni haki yako, malipo ya gharama za maisha, cost of living. Waziri wa Fedha, Sunak, alitangaza mwezi wa tano: kila anayepokea posho kama Universal Credit atapewa pauni 650, kwa mafungu mawili. Hili 326 ndilo la kwanza. La pili, 324, litakuja kabla mwaka haujaisha. Huombi, hujazi fomu, hukatwi kodi, na posho yako nyingine haipunguzwi."

"Sunak huyu aliyejiuzulu juzi?"

"Amejiuzulu yeye, hazina haijajiuzulu." Bakari akatoa simu yake. "Na bosi wake, Waziri Mkuu Johnson, naye katangaza kuondoka siku mbili baadaye. Lakini pesa ikishapitishwa imepitishwa. Walianza kuzitoa tarehe 14. Hebu niangalie zangu."

Akaangalia. Akashusha kidole kwenye kioo, akakipandisha, akakishusha tena. Zuhura akamwona akihesabu midomo ikicheza.

"Kuna nini, kaka?"

"Walisema lazima uwe ulipata posho katika mwezi wako wa hesabu ulioisha kati ya Aprili 26 na Mei 25." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. "Mimi nalipwa kila baada ya wiki nne. Mara moja kwa mwaka mishahara miwili huangukia ndani ya mwezi mmoja wa hesabu. Kompyuta huona nimetajirika, posho inakuwa sifuri. Mwezi unaofuata inarudi kama kawaida."

"Na mwaka huu ikaangukia..."

"Mwezi huohuo."

Zuhura alitafuta neno la kumpoza, asilipate. Mtu ana watoto wanne na mke asiye na kazi. Yeye ana mmoja. Kikaratasi cha benki kilikuwa bado mezani, kiasi kikisomeka. Akatamani angekikunja mapema.

"Basi wewe umepata, mimi nimekosa," Bakari akasema akisimama, "na njaa yetu ni moja. Haya. Mola ndiye mgawaji."

Akaondoka bila kumaliza maji. Zuhura alichungulia dirishani. Bakari hakwenda garini. Alisimama pale chini kwenye kivuli, ameinamia simu, akiandika kwa haraka, na kabla ya kuituma hiyo meseji aliinua macho akaliangalia dirisha la Zuhura.

*

Saa kumi na moja jioni hodi ikapigwa. Alikuwa Mwanaisha, mke wa Bakari, na ndiye kijumbe wa mchezo wao. Akina mama kumi hutoa pauni 50 kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea 500. Zuhura alikuwa nyuma kwa miezi miwili.

"Karibu, wifi yangu."

"Nishakaribia." Mwanaisha akakaa palepale alipokuwa amekaa mumewe. "Nimesikia mlango wa riziki umefunguka."

Kwa hiyo siri ilikuwa imedumu saa tatu.

"Wifi, sijazigusa. Nataka kwanza niwe na hakika kwamba hazitarudishwa."

"Zirudishwe wapi? Kuna mwenzetu zamu yake ni kesho, mwanawe anasafiri. Wewe ukikaa na mia mbili na ushee za ziada huku wenzio wanakungoja, hao kina mama watasema nini?"

"Kesho saa nne asubuhi nitakuletea mia yako."

"Si yangu. Ni ya mchezo." Mwanaisha akainuka, akajifunga vizuri mtandio wake. Mlangoni akageuka. "Namba yako ya simu bado ni ileile? Ya mwisho saba saba?"

"Ileile."

"Haya. Usiku mwema."

Jua lilikuwa bado juu. Katikati ya Julai jua la Leicester huzama saa tatu na robo usiku, na hakuna mtu wa Highfields aendaye kulala saa kumi na moja. Zuhura akajiuliza kwa nini mwenzake aage namna ile.

*

Meseji iliingia saa mbili usiku, kwa Kiingereza safi.

"Zuhura, malipo yako ya gharama za maisha, pauni 326, yamesimamishwa. Thibitisha taarifa zako kabla ya saa 6 usiku, la sivyo yatarudishwa." Chini yake palikuwa na kiungo cha kubonyeza.

Moyo ukamruka. Si ndiyo aliyoyajua? Akampa Salim simu.

Kijana akaisoma mara moja. "Mama, huu wizi. Mjomba Bakari si kasema hakuna kuomba? Sasa kama hakuna kuomba, wanataka uthibitishe nini? Ipeleke 7726, ndiko wanakopokea meseji za matapeli, kisha ifute."

"Lakini ina jina langu."

Salim akafungua mdomo, akaufunga. "Hilo sijui," akasema. Akaenda chumbani kwake.

Zuhura hakuifuta. Alikosha vyombo, akaswali isha, akakaa gizani kuokoa umeme. Akazigawa zile pesa kichwani: mia kwa kijumbe, hamsini kwa mama yake Ngamiani kwa dawa za presha, viatu vya shule vya Salim, umeme wa mwezi mzima, na kilo ya nyama. Kila alipofika kwenye nyama aliiona ile barua ya zamani, na yale makato. Mita ya jikoni ikaanza kulia, mlio mmoja kila baada ya muda, ikitangaza kwamba mkopo wa dharura nao unakwisha.

Saa tano na dakika arobaini alikibonyeza kiungo.

Ukurasa ulifunguka wenye nembo na rangi zilezile anazozijua. Ukamtaka jina; akaandika. Tarehe ya kuzaliwa, akaandika. Namba ndefu ya kadi. Akaiandika taratibu, akihakikisha kila tarakimu. Zikabaki tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Akaigeuza kadi kwenye mwanga wa kioo.

Simu ikaita. Namba ilikuwa imefichwa.

"Shikamoo, Mama Salim."

Ilikuwa sauti ya kijana, na ilikuwa Kiswahili cha pwani. Adabu ikaitangulia hofu. "Marahaba," Zuhura akajikuta ameitikia.

"Usiandike hizo tatu za mwisho. Nakuomba."

"Nani wewe?"

"Unachoandika huko, huku tunakisoma. Huna haja hata ya kubonyeza kutuma. Tuna jina, tuna tarehe, tuna kadi."

"Mnasoma? Wewe na nani?"

Pakawa na kimya, kisha sauti ikashuka. "Ramadhani iliyopita nilikuja mlangoni kwako sina pa kulala. Ulinipa uji wa pilipili manga na sambusa tatu. Hukuniuliza jina, na leo sitakutajia. Nisikilize haraka, mwenzangu katoka kuvuta sigara. Akirudi atakupigia kwa Kiingereza kizuri, atasema ni benki, atakuomba hizo tatu. Usimpe. Kata, upige 159, uwaambie benki waifunge kadi."

Zuhura akakaa chini, sakafuni. "Mwanangu, namba yangu mmeipata wapi?"

"Hapo ndipo penye neno. Meseji nyingine tunazirusha ovyo, kwa maelfu; atakayenasa anase. Yako haikurushwa. Namba yako ililetwa leo jioni, na jina, na kiasi. Na mwenye kuileta alitaka fungu lake."

"Nani?"

"Mtu aliyekaa kwenye kochi lako leo."

Kochi lilikuwa mbele yake, tupu. Leo lilikuwa limekaliwa na watu wawili.

"Nitajie jina lake, mwanangu."

"Ni..."

Mita ikalia mlio mrefu, kisha ikanyamaza. Jokofu likasita. Ilikuwa mita ya zamani, isiyojua usiku wala sikukuu. Katika kimya kile hodi ikapigwa, pole kwanza, halafu kwa ngumi.

"Mama Salim! Nifungulie, ni mimi Bakari. Nina neno nawe, haliwezi kungoja kesho."

Sauti kwenye simu ikawa mnong'ono. "Yuko mlangoni? Usifungue."

Zuhura akataka kuinuka, miguu ikamkatalia. Nyuma yake mlango wa chumba ukafunguka na nyayo zikapita mbio gizani.

"Nakuja, mjomba!" Salim akaitikia.

"Salim, usi..."

Kitasa kilikuwa kimeshageuka.

ITAENDELEA

Bakari amekuja kuomba, kuonya, au kuchukua? Kijana wa simuni alitaka kutaja jina gani, na kwa nini Mwanaisha aliulizia namba? Usikose sehemu ya tatu Jumamosi ijayo. Hadi hapo, msomaji, shika neno la Salim: malipo yasiyohitaji kuombwa hayahitaji kuthibitishwa.