Maini yenye mafuta: kwa nini dawa inatafutwa kwenye anzimi

Mtu anatoka ekografi hapa Kolwezi na karatasi imeandikwa steatozi. Ni kusema mafuta yamejaa ndani ya maini. Ulizo la kwanza kwa munganga ni moja tu: dawa iko wapi?

Tuanze na kazi ya maini yenyewe. Sukari inayozidi, ya bukari, ya mkate, na zaidi ile ya sucré ya chupa, haipotei bure. Maini inaigeuza mafuta. Wanaofanya kazi hiyo ni anzimi (vitabuni utasoma vimeng'enya), protini zinazoharakisha kazi za mwili. Anzimi inayoitwa ACC inafungua kazi, FASN inajenga asidi ya mafuta, DGAT2 inamalizia kufunga mafuta ya kuweka akiba.

Basi wanasayansi walisema: tumufunge mfanyakazi wa kwanza. Katika utafiti uliochapishwa 2017, dawa ya kuzuia ACC ilipunguza mafuta ya maini kwa karibu asilimia 36. Lakini mafuta ndani ya damu yalipanda kwa asilimia 200! Ni sawa na kufunga barabara ya Likasi: malori ya shaba hayaishi, yanajazana kwingine. Ndiyo maana baadaye walijaribu kuzuia ACC na DGAT2 pamoja, na kupanda kule kwa mafuta ya damu kukapungua.

Kuna pia jambo la kurithi. Mwaka 2008, watafiti wa Dallas, Marekani, akiwemo Helen Hobbs, walionyesha kwamba aina moja ya jeni PNPLA3 inaongeza mafuta ya maini. Kwa Wamarekani weusi aina hiyo ilikuwa chache kuliko kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Tusijidanganye lakini: unene, kisukari na pombe haviulizi kabila.

Dawa mbili zimekwisha kuruhusiwa Marekani kwa maini iliyoanza kuwa na makovu: resmetirom (Machi 2024) na semaglutide (Agosti 2025). Hakuna hata moja inayozuia anzimi tulizotaja. Ya kwanza inafanya kazi ya homoni ya tezi ndani ya maini, ya pili inaiga homoni ya matumbo.

Kwa mtu wa kilo 90, kupunguza kilo 4 na nusu, ni kusema asilimia 5, tayari kunashusha mafuta ya maini. Asilimia 7 mpaka 10 inatuliza uvimbe wake. Kwanza punguza sucré, bia na lotoko. Omba pia kipimo cha hepatiti B, sababu hiyo ni ugonjwa mwingine wa maini na una dawa yake. Zile chupa za "kusafisha maini" za sokoni, ziache: kuna majani yanayoumiza maini zaidi. Na macho yakigeuka manjano, tumbo likijaa maji, ao ukitapika damu, usingoje kesho.