Nyuso Ndani ya Hudhurungi

Eugène Carrière, mchoraji wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1849, hakwenda mbali kutafuta watu wa kuchora. Mkewe Sophie na watoto wao ndio walioijaza kazi yake: mama ananyonyesha, mtoto amelala kifuani, ndugu wamekumbatiana. Katika zama ambazo Monet na wenziwe walikuwa wakisaka rangi zote za mchana, yeye aliziacha rangi moja baada ya nyingine, hata katika miaka ya 1890 akawa amebakiwa na takriban moja tu: hudhurungi ya udongo uliosagwa na kuchanganywa na mafuta.

Njia hiyo ilianzia mbali. Ujanani, huko Strasbourg, alijifunza kupiga chapa za picha kwa mawe, kazi ambayo wino mmoja hubeba nuru na kivuli pamoja. Alipohamia katika rangi za mafuta hakuisahau. Alipaka hudhurungi nyembamba juu ya turubai jeupe, kisha akaifuta kwa tambara pale alipotaka mwanga. Hivyo paji la uso la mtoto ling'aapo katika picha hizo, mara nyingi ni mahali ambapo rangi imeondolewa.

Nyumba ile iliujua msiba. Mwaka 1885 Carrière alionyesha Paris picha ya Mtoto Mgonjwa, na yeye na mkewe walipata kuzika mtoto mdogo. Asiyelijua hilo huweza kudhani ukungu wa picha zake ni mtindo tu. Alijuaye huona watu wa nyumba moja wamesogeleana, na giza limewazunguka pande zote.

Wapo waliomcheka. Husimuliwa kwamba Degas alitania kuwa kuna mtu aliyevuta tumbako katika chumba cha watoto. Mzaha huo una ukweli wake, kwani wekundu wa mashavu umepotea, na mtoto mmoja huweza kudhaniwa kuwa nduguye. Hiyo ndiyo gharama aliyokubali kuilipa.

Mwaka 1890 alimchora mshairi Paul Verlaine kwa rangi ile ile aliyowachorea wanawe, na uso ukachomoza kizani peke yake. Mpenzi wa mashairi hatashangaa. Vina na mizani humnyima mtunzi maneno mengi mazuri, na kwa kumnyima humlazimisha kuchagua lile asiloweza kuliacha.

Carrière alifariki mwaka 1906. Anayezitazama picha zake leo hawezi kusema gauni la Sophie lilikuwa la rangi gani. Mabega yamezama gizani, na kuta za chumba hazionekani. Lakini anaweza kuonyesha kwa kidole mahali hasa ambapo mkono wa mama umemshika mwanawe.